Punje za rezini ya korosho zimegoma? Anza na dalili unayoiona

Kwa wale wanaochemsha mafuta ya maganda ya korosho kupata zile punje ngumu za kuchanganyia kwenye lainingi za breki, najua maswali ni yaleyale tu, mara bonge limeganda sufuriani, mara punje zimetoka na mikia, mara gunia zima limeshikana. Nimeyapanga kwa dalili, sio kwa hatua za kutengeneza, mana mtu mwenye shida hataki darasa, anataka kujua saivi afanye nini. Ila kitu kimoja ukishike kabla ya yote: pale unapoiona shida mara nyingi sipo ilipoanzia. Punje zikishikana guniani usigombane na gunia, rudi oveni. Zikiwa na vitundu usianze kuilaumu oveni, rudi kwanza kwenye mafuta ulivyoyapasha siku ya kwanza. Ukilijua hilo unaokoa malighafi nyingi sana.

Na kwanini tunahangaika na korosho wakati kuna plastiki kibao mtaani? Mana plastiki ya ndoo au ya chupa ukiipa moto inayeyuka, na breki ya daladala inayoshuka mlima toka Lushoto na abiria wamejaa haitaki kitu kinachoyeyuka. Rezini, yani ile gundi ya kemikali inayogeuka ngumu, ya fenoli na fomalini (fomalini ni fomaldehaidi iliyoyeyushwa kwenye maji) ikishaiva haiyeyuki tena, inashikana kila upande, ukizidisha moto inageuka mkaa tu. Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, ndio aliyeifanya iwe biashara, aliomba hataza yake 1907. Sasa kwenye mafuta ya maganda ya korosho kuna kadanoli, ambayo ni fenoli yenye mkia mrefu wa kaboni 15, ule mkia unaipa punje ulaini kidogo ndio mana breki hailii sana. Korosho nyingi ya nchi inatoka Mtwara na Lindi lakini na huku Tanga na Pwani mikorosho ipo, na maganda watu wengi wanayaona takataka.

MAFUTA YANAFURA NA KUMWAGIKA UKIYAPASHA

Hii inamkuta kila anayeanza. Umeweka mafuta jikoni, yamepita nyuzi 100, povu likaanza, ukigeuka yako sakafuni. Vyanzo ni viwili. Cha kwanza maji, pipa likiachwa wazi masika yote lazima lina maji ndani, na maji yakifika nyuzi 100 hayaombi ruhusa. Cha pili ndio wengi hawakijui: mafuta yaliyokamuliwa bila moto yana asidi ya anakadi, zaidi ya nusu ya mafuta yote, na asidi hiyo ikipata joto inaachia hewa ya kaboni dayoksaidi inabaki kadanoli. Kwahiyo lile povu ni kazi inafanyika, sio mafuta mabovu.

Dawa yake: chombo kijae nusu tu, pandisha taratibu, kwenye 100 mpaka 110 subiri maji yaishe, alafu nenda 140 mpaka 150 ukae hapo saa kadhaa huku unakoroga mpaka vipovu vikome kabisa. Mafuta yaliyotoka kwenye maganda yaliyokaangwa kwa nyuzi 180 mpaka 200 yameshapita hatua hii, hayo hayakusumbui. Kama hujui ulichonunua ni kipi, pasha kijiko kimoja kwenye bati, povu lenyewe litakwambia. Ukiruka hapa hewa itakuja kutokea ndani ya punje huko mbele, utaona vitundu.

Alafu mikono. Haya mafuta mabichi yanababua, ngozi inatoa malengelenge na kuchubuka, waulize akina mama wanaobangua korosho kwa mkono kwanini wanajipaka majivu au mafuta kabla ya kukaa chini. Glovu ndefu, na usijifute jasho usoni kwa glovu hiyo hiyo.

JOTO LINAPANDA LENYEWE HATA MOTO UMEZIMA

Hapa sina maneno mengi, hii ni ya hatari. Rezini ya fomalini inatoa joto lake yenyewe wakati inaungana, na ukimwaga fomalini yote kwa mpigo ukaweka na kichocheo, yani kemikali ya kuharakisha muungano, chombo kikubwa hakina pa kulipeleka lile joto, kinachemka na kurusha mvuke wa sumu. Viwanda vikubwa vya nje vimeshalipuka kwa sababu hii hii. Fomalini iingie kidogo kidogo, moto uzime ukiwa bado kwenye 70 uone itafika wapi yenyewe, na nje ya chombo pawe na maji baridi ya kuzunguka tayari, sio ya kwenda kutafuta. Usifunike chombo kikakaza. Ukiona inapanda inakukimbia, achia maji ya nje, toa watu, mambo ya kuokoa mzigo achana nayo.

Na tukiwa hapa hapa: fomalini inasababisha kansa, fenoli inaunguza ngozi na inaingia mwilini kupitia ngozi hiyo hiyo, tena inatia ganzi kwahiyo unaweza usisikie mapema. Kazi hii ni ya mahali pa wazi penye upepo, barakoa yenye kichujio cha mvuke wa kemikali, sio ile ya kitambaa.

ZIMEGANDA BONGE MOJA SUFURIANI

Hii ndio yenyewe. Kama unatengeneza punje za duara, yani ile njia ya kuikoroga rezini ndani ya maji ya moto ikatike matone alafu matone yaive yakiwa yanaogelea, basi utakutana na bonge mapema sana. Unafungua mfuniko unakuta mikisa imekwama, pala zimezamishwa ndani ya donge jeusi, na saa hiyo nyundo ndio inafuata.

Elewa kinachotokea. Mwanzoni tone ni majimaji, matone mawili yakigongana yanaungana, pala inayakata tena, hamna shida. Mwishoni tone limeshakuwa gumu, yakigongana yanarukana. Shida iko katikati, pale tone sio maji tena na sio jiwe bado, linanata. Hapo yakigongana yanashikana na pala haina nguvu ya kuyaachanisha. Aliyewahi kukaanga kaimati anajua, ukizijaza kwenye karai kabla ngozi haijashika unatoa kaimati moja lenye vichwa sita. Bonge linazaliwa kwenye dirisha hilo la kunata, hata kama wewe umeliona nusu saa baadae.

Sasa chanzo ni kipi kati ya hivi, naviweka kwa mpangilio wa vile navyovikuta mara nyingi.

Mikisa ilisimama. Umeme umekatika dakika chache tu na wewe ulikuwa kwenye dirisha la kunata, basi imeisha. Hii haina kemia, inataka jenereta iliyo tayari, au fanya kama fundi mmoja wa Makorora alivyofanya, amechomelea mkono wa kuzungushia juu ya shafti ya mota, umeme ukienda kijana anazungusha kwa mkono mpaka dirisha lipite. Rahisi na inafanya kazi.

Maji. Huku Tanga ukichimba kisima unakutana na mawe ya chokaa, mapango ya Amboni yenyewe ni chokaa iliyoliwa na maji, kwahiyo maji ya visima vingi ni magumu, sabuni haitaki kutoa povu, na ukisogea karibu na bahari kuna na chumvi juu yake. Chumvi na kalsiamu zinavuruga kile kitu kinachozuia matone yasishikane, hasa kama unatumia zile gundi za selulosi. Kipimo cha bure: weka maji kwenye chupa, tia sabuni ya mche kidogo, tikisa. Kama povu halisimami usiyatumie. Maji ya mvua yaliyokingwa safi ni mazuri kuliko ya kisima, na masika yanakuja kila mwaka, weka tangi.

Kinga ya matone haitoshi. Mimi natumia gamu arabiki, yani ulimbo wa mgunga, nasaga nalowesha usiku kucha alafu nachuja, mana ukiitupa kavu kwenye maji ya moto inafanya madonge na nusu yake haiyeyuki, unajidanganya umeweka ya kutosha kumbe imekaa chini. Anzia asilimia 1 ya uzito wa rezini, kama bado zinashikana panda kidogo kidogo. Polivinili alkoholi nayo inafaa ila inataka maji ya moto na subira kuyeyuka.

Rezini ni nyingi kuliko maji. Watu wanataka mzigo mkubwa kwa mkupuo mmoja wanaweka nusu kwa nusu. Matone yakikaa karibu karibu yanagongana kila saa. Kwa kuanzia rezini moja maji matatu au manne, ukishazoea ndio upunguze maji.

Na la mwisho, unapita dirishani kwa mwendo wa kinyonga. Watu wakiona inaanza kunata wanaogopa wanapunguza moto, wanafikiri wanatuliza, kumbe wanarefusha muda wa kunata. Ukifika hapo shikilia joto lako la 85 mpaka 95 na uvuke haraka.

Utajuaje umefika dirishani? Chota kijiko, mimina kwenye kikombe cha maji baridi, chukua punje moja minya kwa vidole ukiwa na glovu. Ikisambaa bado ni majimaji. Ikivutika ikatoa uzi ndio upo dirishani, usiguse kitu, usiongeze maji baridi, usizime mota. Ikikatika au ikirudi umbo lake umevuka.

ZINA MIKIA, AU UMBO LA YAI, AU NI NYUZI KABISA

Hizi watu wanazichanganya na bonge lakini chanzo ni kingine. Tone linakuwa duara kwasababu lenyewe linapenda kujikunja, ukiliacha litajikunja. Ukiona limevutika ujue kuna kitu kimelivuta wakati limeshakuwa zito na halina tena uwezo wa kurudi. Kitu hicho ni pala. Kwahiyo spidi kubwa iwe mwanzoni wakati wa kukata matone, ukishaona saizi unayoitaka punguza mpaka ile spidi inayotosha tu kuziweka zikielea, na upunguze kabla ya dirisha la kunata, sio ndani yake.

Kuna kosa jingine la hapa hapa, umeichemsha rezini mpaka imekuwa nzito ndio unaimwaga kwenye maji, unataka ikatike matone. Haitakatika, itavutika. Iingie ikiwa bado inatiririka vizuri.

Alafu angalia pala ilipo. Mafuta ya korosho ni mepesi kuliko maji, yanaelea, ila kadiri rezini inavyoiva, na hasa ukiwa umechanganya na fenoli, inazidi uzito inaanza kuzama. Yani mzigo uleule unaanza juu ya maji unamalizia chini. Mwenye pala moja chini atakuta mwanzoni utando wa mafuta juu haukatiki, mwenye pala moja juu atakuta mwishoni punje zimelala sakafuni zinakwanguliwa na kuwa bapa. Weka pala mbili kwenye shafti moja, ya juu na ya chini, umemaliza.

SAIZI HAZIELEWEKI

Fundi anakuja na bika ndogo, yani kile chombo cha kioo cha maabara, punje nzuri kabisa, anaenda kwenye pipa anatoka na vumbi, au na mawe. Anasema spidi ni ileile 400 kwa dakika, hajabadilisha kitu. Kumbe amebadilisha kila kitu, mana kinachokata tone sio idadi ya mizunguko bali mwendo wa ncha ya pala. Piga hesabu: pala ya upana wa sentimita 6 kwa mizunguko 400 ncha yake inaenda kama mita 1.26 kwa sekunde. Pala ya sentimita 30 kwa mizunguko ileile inaenda mita 6.3. Ni mara tano, lazima upate vumbi. Ukitaka mwendo uleule wa ncha pipa linataka mizunguko 80 tu. Kuna wengine wanapenda kulinganisha nguvu inayoingia kwa kila lita, hiyo inakupeleka kwenye 137 hivi kwa mfano huu huu, kama maumbo ya vyombo yanafanana. Mimi nasema anza karibu na 80, toa sampuli, panda taratibu kuelekea 137, hapo katikati ndio jibu lako lilipo.

Kanuni nyingine ya kubeba kichwani: kwenye mtiririko wa vurugu, saizi ya tone inashuka kwa spidi ikipandishwa kwa kipeo cha 1.2. Kwa lugha ya karakana, ukizidisha spidi mara mbili punje ya milimita 1 inakuja kama 0.44. Kwahiyo usicheze na spidi kwa hatua kubwa, ukipandisha kwa sehemu ya kumi tu tayari unaona tofauti kwenye chekeche.

Sasa ikiwa wastani uko sawa lakini zimetawanyika, kubwa zipo ndogo zipo za kati chache, hapo tatizo ni mkorogo usio sawa ndani ya chombo. Kama maji yote yanazunguka pamoja na pala yakafanya shimo katikati, hakuna kukata, ni kuzungusha tu, na lile shimo linavuta hewa. Chomelea bati nne za kusimama ubavuni mwa pipa, upana wa kila moja kama sehemu ya kumi ya upana wa pipa, shimo linapotea na mkorogo unakuwa wa kweli. Nawashauri mfanye hivi hata kama hamna shida, ndio kitu cha bei rahisi kuliko vyote kwenye karakana nzima.

Na mpime kwa chekeche sio kwa macho. Meshi ni idadi ya matundu ya chekeche kwa inchi moja: meshi 40 inapitisha mpaka milimita 0.425, meshi 60 ni 0.25, meshi 100 ni 0.15. Chukua gramu 100, chekecha, pima kilichobaki juu ya kila chekeche, andika kwenye daftari pamoja na spidi na kiasi cha gamu. Gamu nayo inashusha saizi, ukiongeza spidi na gamu siku moja hutajua kipi kimefanya nini.

MAJI YAMEKUWA MEUPE NA PUNJE NI CHACHE

Rezini yako imekuwa vumbi jembamba sana limeelea ndani ya maji. Ni spidi kubwa mno mwanzoni, au gamu imezidi, au, na hii ndio nimeikuta zaidi, chombo kilioshwa kwa sabuni ya unga na hakikusuuzwa. Sabuni kidogo tu inatosha. Suuza kwa maji ya moto mpaka maji yanayotoka yasitoe povu.

HARUFU YA FOMALINI HAIISHI HATA BAADA YA KUKAUKA

Nenda kwenye hesabu yako. Watu wanachukua kipimo cha rezini ya fenoli ya kawaida wanakitumia kwa mafuta ya korosho kilo kwa kilo. Haiwezekani, molekuli ya fenoli ina uzito wa 94 na ya kadanoli ni kama 300. Kilo moja ya fenoli kwa uwiano wa 1.3, yani molekuli 1.3 za fomaldehaidi kwa kila molekuli moja ya fenoli, inataka kama kilo 1.12 ya fomalini ya asilimia 37. Kilo moja ya kadanoli kwa uwiano uleule inataka gramu 350 hivi. Ukiweka kilo na ushee unakuwa umezidisha mara tatu, hiyo iliyobaki haina pa kwenda, inakaa ndani ya punje na kukuchoma macho. Kama unachanganya fenoli na mafuta, piga hesabu ya kila kimoja peke yake alafu jumlisha.

Na kinyume chake, fomalini ya zamani ni dhaifu. Ukiona utando mweupe umekaa chini ya dumu ujue sehemu ya fomalini imejigandisha huko chini, ile ya juu unayomimina sio asilimia 37 tena. Na ikikaa sana inazalisha asidi, inakuvurugia kichocheo chako. Kuna muuzaji mmoja alituletea dumu lenye tarehe ya juzi na chini kuna tope jeupe la vidole viwili, tarehe mpya mzigo wa kale. Pima pH, yani kiwango cha asidi, kila dumu kabla ya kulipa, karatasi zake ni bei ndogo.

ZINAPASUKA OVENI AU ZINA VITUNDU

Kama mafuta ulishayatoa hewa vizuri, basi ni haraka. Punje imetoka kwenye maji, ndani ina maji, wewe unaiingiza nyuzi 150 moja kwa moja, mvuke unatafuta njia. Na kama unatumia heksamini, ule unga wa kuivishia rezini, yenyewe ikiiva inatoa amonia, nayo ni hewa. Chuja, tandaza kwenye trei kina cha vidole viwili usizidishe, kausha kwa 50 mpaka 60 mpaka uzito uache kushuka, ndio upande 100, 120, 150, kila hatua uipe muda. Kina cha trei sio urembo: mkia wa kadanoli unapenda kula oksijeni na unatoa joto ukila, ukirundika mzigo mnene katikati pana­weza kujichoma penyewe, unatoa trei unakuta moshi.

Jua la Tanga kipindi cha kaskazi linakausha vizuri hatua ya kwanza, mi natandaza juu ya bati. Kusi na masika usijidanganye, hewa ina maji, unakausha mchana jioni punje zimeshakunywa tena.

ZIMESHIKANA NDANI YA GUNIA

Hazijaiva. Ziliguswa kavu, zilitembea vizuri kwenye trei, ukafunga zikiwa bado na joto, ukapanga magunia matano juu ya jingine, chini kabisa pamekuwa tofali. Rezini hii ina hatua tatu, ya kwanza inayeyuka kwenye asitoni (kile kimiminika cha kuyeyushia), ya pili inavimba tu na kulainika kwenye joto, ya tatu haiyeyuki wala hailainiki. Guniani zinaingia za hatua ya tatu peke yake.

Kipimo: gramu 5 za punje ndani ya chupa ya kioo yenye asitoni, funga, acha mpaka kesho. Asitoni ikiwa ya kahawia iliyokoza, rudisha oveni. Ikibaki karibu na rangi yake umefaulu. Mbali na moto tafadhali, asitoni inashika kwa cheche tu. Ukitaka namba kamili, chuja punje, kausha, pima kilichopungua. Rudisha mzigo kwa 150 mpaka 180, na uache upoe kabisa kabla ya kufunga.

Kama oveni ni ile ile na muda ni ule ule lakini mzigo wa mwezi huu haujaiva, angalia heksamini. Inavuta unyevu, gunia lililofunguliwa likakaa wazi huku pwani linakuwa mawe, ukilipima kwa uzito unapima na maji. Ndoo yenye mfuniko, haina mjadala.

ZIMEIVA LAKINI ZIKIPATA MOTO ZINATOA MOSHI NA KULAINIKA

Weka punje kumi kwenye bati la moto wa nyuzi 200, zibonyeze kwa kijiko. Zikigusana zikashikana, fomalini au heksamini ilikuwa kidogo, uzi wa kuunganisha hautoshi. Zikibaki kila moja peke yake lakini ni laini kama za mpira, ni mafuta matupu bila fenoli, mikia ni mingi, ongeza sehemu ya fenoli kwenye mchanganyiko. Ila usiitafute punje isiyoharibika kwa moto wowote, kwenye 300 hivi ile mikia inaanza kukatika na hakuna oveni itakayobadilisha hilo. Mwenye mteja anayetaka zaidi ya hapo amuuzie kitu kingine, sio korosho.

KWA WANAOSAGA

Wengine hamtaki mambo ya duara, mnaivisha tabaka kwenye trei mnavunja mnasaga, na kwa lainingi punje yenye kona wala sio mbaya, inashika vizuri kwenye mchanganyiko, ya duara faida yake ni kumiminika na kupangika. Mashine ikiziba na chekeche likapakwa utando wa kunata, tabaka halijaiva au mashine imepata moto. Lisha kidogo kidogo, pumzisha, saga alfajiri. Kama tabaka lina juu pagumu na ndani laini basi ulimwaga nene, lisage kwa ukubwa wa punje za mahindi kwanza, rudisha oveni, alafu ndio usage la mwisho. Na lile vumbi jembamba linaloelea chumbani linashika moto kwa cheche moja, weka sumaku kwenye mdomo wa mashine kunasa misumari, fagia kila siku, mtu asivute sigara hata mlangoni.

Na maji uliyochuja punje yana fenoli na fomalini ndani. Usiyamwage mtaroni yaende mikokoni. Yarudishe kwenye mkupuo unaofuata sehemu ya maji mapya, yanayobaki yaweke kwenye dumu lenye maandishi na uulize watu wa mazingira wa halmashauri yanapelekwa wapi.